Stelingi anayekubali kupigwa kwanza: FPJ wa Ufilipino alikuwa nani?

Swali: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi karakana ya magari hapa Maskati, na wenzangu wengi ni Wafilipino. Kuna jina moja, FPJ, likitajwa tu, wazee kwa vijana wananyamaza kidogo kama wametajiwa marehemu baba yao. Wamenionyesha filamu yake moja kwenye simu. Nimeona mtu wa makamo, hasemi sana, anatukanwa, anapigwa, ananyamaza, na kuelekea mwisho ndipo anaanza kurusha ngumi, nyingi, za haraka, karibu zote tumboni. Kusema kweli sikuona ajabu yake. Alikuwa nani hasa? Na mbona sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video hatukuwahi kumsikia, tukawajua Wachina na Wahindi tu?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Unasema hukuona ajabu yake, na ilhali umeitaja mwenyewe kwa mpangilio wake: anatukanwa, anapigwa, ananyamaza. Wenzako wa karakana hawakai kusubiri zile ngumi. Wanakaa kuhesabu ni matusi mangapi ameyameza kabla yake. Filamu za mtu huyu zimejengwa kama chungu kilichofunikwa, na mtazamaji wa kwao analipia kiingilio ili asikilize maji yakianza kuchemka.

Sisi tunamwita mtu wa namna hiyo stelingi, na anayepambana naye ni adui. Wafilipino wana jozi yao ya maneno: bida na kontrabida, waliyoyarithi kwenye Kihispania. Kwa zaidi ya miaka 40, ukisema bida nchini kwao bila kutaja jina, wengi wangemfikiria mtu mmoja tu, Fernando Poe Jr., FPJ, ambaye mashabiki walimpa cheo cha "Da King".

Nianze na jina, maana ndani yake mna kisa kizima. Alizaliwa Manila tarehe 20 Agosti 1939 akaitwa Ronald Allan Kelley Poe. Fernando haikuwa yake, na hiyo Junior haikuwa yake pia. Baba yake ndiye aliyekuwa Fernando Poe, mmoja wa mastelingi wakubwa wa sinema ya Ufilipino kabla ya vita vya pili vya dunia, mwenye asili ya mkoa wa Pangasinan kaskazini mwa Manila. Mama yake, Elizabeth Kelley, alikuwa Mmarekani. Baba huyo alikuwa stelingi wa filamu ya mwaka 1937 iitwayo Zamboanga, kisa cha watu wa baharini na wazamia lulu wa visiwa vya kusini. Kwa miongo kadhaa iliaminika kwamba filamu hiyo imepotea kabisa, mpaka nakala yake ilipokuja kupatikana Finland, nchi ya theluji. Hesabu inayotajwa na watu wa fani ni kwamba filamu ndefu za Ufilipino za kabla ya vita zilizosalia ni tano tu. Joto, unyevu, moto na vita vimezila nyingine zote. Ikumbuke hesabu hiyo, nitairudia.

Mwaka 1951 baba aliongoza utengenezaji wa filamu ya kwanza ya Darna, yule mwanamke wa vibonzo mwenye nguvu za ajabu ambaye Wafilipino wanampenda hadi leo. Mwaka huohuo akafa kwa kichaa cha mbwa. Ronald alikuwa na miaka 12. Shule ya sekondari aliianza, hakuimaliza. Akaingia katika kampuni ndogo ya filamu kama tarishi, wa kutumwa huku na kule, kisha akawa mtu wa kuruka na kuanguka badala ya waigizaji wakubwa, wale ambao sura zao hatuzioni ila mbavu zao ndizo zinazoumia. Walipotaka kumpa nafasi ya mbele, ilibidi awe na jina la kuuza tikiti. Jina hilo lilikuwepo nyumbani, tatizo ni kwamba lilikuwa la mdogo wake, Andy, ambaye kwenye karatasi ndiye aliyepewa jina la baba. Basi kaka akavaa kanzu ya mdogo wake, ikamkaa vizuri, na hakuivua tena.

Filamu yake ya kwanza akiwa stelingi ni Anak ni Palaris ya mwaka 1955, yaani "Mwana wa Palaris". Palaris alikuwa mwasi wa Pangasinan aliyepambana na Wahispania karne ya 18, na baba mtu alishawahi kumwigiza. Ona ujanja wa watayarishaji: mwana halisi wa mwigizaji anaigiza mwana wa mwasi. Hata hivyo watu hawakuijalia sana. Kilichomtoa ni filamu ya mwaka uliofuata, Lo' Waist Gang, hadithi ya kundi la vijana wa mjini wanaovaa suruali zilizoshuka kiunoni. Vijana wa Manila wakaiga mtindo huo mara moja. Ukitaka kupata picha yake, kumbuka wazee wetu wa Dar es Salaam walivyolalamikia kata kei. Wa Manila walilalamika miaka 50 mapema.

Sasa kuna jambo ambalo mashabiki hawalisemi sana, kwa sababu halina ngumi, na mimi naliona ndilo lililomfanya adumu. Miaka ya 1950 sinema ya Ufilipino ilikuwa mikononi mwa makampuni machache makubwa: LVN, Sampaguita, Premiere, na Lebran. Kila moja lilikuwa na mastaa wake waliofungwa kwa mkataba, na Premiere ndilo lililojulikana kwa filamu za mapigano. Mwigizaji alikuwa kama mchezaji wa timu, anapewa jezi na kuambiwa acheze namba gani. Mfumo huo ulianza kubomoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. LVN iliacha kutengeneza filamu mwaka 1961. Wengi waliachwa hawana pa kwenda. FPJ, akiwa na miaka 21 au 22, mwaka huohuo wa 1961 alianzisha kampuni yake, FPJ Productions.

Tangu hapo akawa mwenye duka. Alitayarisha, akaigiza, na baadaye akaongoza, ila kwa mwongozaji akatumia jina jingine, Ronwaldo Reyes, kana kwamba ni mtu wa pili aliyeajiriwa. Reyes ilikuwa ukoo wa bibi yake mzaa baba. Alikuwa pia na jina la D'Lanor. Lisome kinyumenyume utaona Ronald anakuchungulia. Kwa hiyo unapoona majina matatu mwanzoni mwa filamu yake, mwenzako asikudanganye kuwa ni watu watatu.

Faida ya kumiliki duka ilionekana baadaye. Nilikutajia zile filamu tano za kabla ya vita. Kizazi cha FPJ nacho kilipoteza nyingi, kwa sababu makampuni yakifa, hakuna anayelipia chumba cha baridi cha kuhifadhia kanda. Yeye alizitunza za kwake. Ndiyo maana leo kijana aliyezaliwa baada ya yeye kufa anaweza kumwona kwenye televisheni mwishoni mwa wiki, na ndiyo maana wewe umeonyeshwa filamu yake kwenye simu ndani ya karakana Maskati. Wapo mastelingi wa zama zake ambao huenda walikuwa waigizaji bora kuliko yeye, lakini umebaki kuwasoma katika magazeti tu.

Filamu zake za miaka ya 1960 nazipita haraka. Zipo za vita dhidi ya Wajapani, zipo za majambazi, na zipo za makauboi, naam, makauboi wa Kifilipino wenye farasi, kofia pana na bastola, kama Daniel Barrion ya 1964. Nyingine zinachekesha bila kukusudia. Lakini katika rundo hilo alijifunza kusimama mbele ya kamera bila kufanya lolote, kazi ngumu kuliko kurusha teke.

Mwaka 1971 ukaja mkutano wake na mwongozaji Celso Ad. Castillo, ikazaliwa Asedillo. Hapa nikae kidogo, maana bila filamu hii huwezi kuelewa kwa nini wenzako wananyamaza.

Teodoro Asedillo alikuwa mtu kweli. Alikuwa mwalimu wa shule katika mkoa wa Laguna, wakati Ufilipino ipo chini ya Marekani, akapoteza kazi ya ualimu baada ya kugongana na utaratibu wa wakubwa. Akawa mkuu wa polisi wa mji wake, akaondolewa huko nako, akaingia katika harakati za wafanyakazi, na mwisho akakimbilia milimani akiwa mwasi anayesakwa. Aliuawa mwishoni mwa mwaka 1935. Serikali ilimwita jambazi. Wakulima waliomficha walikuwa na jina jingine la kumwita.

FPJ alimwigiza mtu huyo akiwa na kofia ya ukindu kichwani na maneno machache mdomoni. Mwalimu anayetaka kufundisha tu, halafu dunia inamsukuma hatua moja nyuma, hatua ya pili, ya tatu, hadi mgongo unagusa ukuta. Filamu nyingi za mapigano zinakuonyesha mtu anayetafuta ugomvi. Hii ilionyesha mtu aliyeukwepa ugomvi kwa kila njia. Ilimpa tuzo ya FAMAS, tuzo kubwa ya filamu ya kwao, ya mwigizaji bora, mojawapo ya tano alizopata maishani, na zaidi ya tuzo ikampa umbo ambalo hakutoka tena ndani yake: mtetezi wa wanyonge asiyependa kupigana. Septemba 1972, muda mfupi baadaye, Rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi. Katika nchi ambayo watu walijifunza kufunga mdomo, mtu aliyenyamaza kwenye pazia la sinema akiwa na jambo moyoni alisomeka vizuri mno.

Hapo turudi kwenye malalamiko yako. Wafilipino wana methali: salop ikishajaa, sharti ipigwe ufito. Salop ni kipimo chao cha nafaka, kisanduku cha mbao chenye ujazo wa karibu lita 3, unajaza mchele hadi unafanya kilima, kisha unapitisha kijiti juu kusawazisha. Mzanzibari hahitaji kuelezwa zaidi. Bibi zetu walipima pishi ya mfuto na pishi ya mfumbi, na waliijua tofauti yake dukani. Maana ya methali ni kwamba uovu una ujazo wake, na ukizidi ukingo lazima kijiti kipite. Mwaka 1987 FPJ alitoa filamu yenye jina la methali hiyo, Kapag Puno Na ang Salop. Yeye ni polisi, na adui ni hakimu fisadi aliyeigizwa na Eddie Garcia, mwigizaji mwenye sauti ya kukufanya uangalie kama mlango umefungwa. Saa nzima mchele unamiminwa kisandukuni. Jina la filamu limekwishakwambia mwisho wake, na bado watu walijazana, na ikazaa filamu nyingine mbili.

Kwa hiyo zile ngumi za tumboni, zinazopigwa kwa mikono miwili kama mtu anatwanga kwa michi miwili kwenye kinu kimoja, ni kijiti kinachopita juu ya pishi. Kama kazi ya mwili hazina ufundi wa Bruce Lee, nakubali. Bruce Lee unamwangalia mwili. Kila kiungo chake kina somo. FPJ unamwangalia macho na taya. Tena hata watoto wa kwao huziiga ngumi hizo kwa mzaha, kama sisi tulivyoiga ukelele wa Bruce Lee uwanjani hadi tukararua kaptula za shule.

Kuna kisa kinachosimuliwa tangu zamani kuhusu majumba ya sinema ya kusini mwa nchi yao: FPJ alikuwa anapigwa na genge kwenye filamu, na watazamaji waliokuja na silaha zao wakawafyatulia risasi maadui kwenye pazia. Wengine husimulia kwamba hasira ilitokana na stelingi kuuawa. Kama kila kisa kizuri, kina matoleo zaidi ya moja. Sisi tuliotoka mabandani tunaijua kanuni iliyovunjwa hapo. Stelingi hafi! Na akifa, fundi mitambo ajiandae kurudisha viingilio.

Mwaka 1980 alionekana kwa sura mbili, na ningependa uzione zote. Ya kwanza ni Aguila, ya mwongozaji Eddie Romero, filamu ya zaidi ya saa tatu inayofuata maisha ya mtu mmoja na ukoo wake tangu zama za Wahispania, kupitia Wamarekani, hadi karibu na wakati wake. Ni kazi nzito, na FPJ ndani yake anaruhusiwa kuzeeka. Ya pili ndiyo ambayo bila shaka wenzako waliitaja kwanza: Ang Panday.

Panday maana yake ni mhunzi. Hadithi ilitoka kwenye vitabu vya vibonzo vilivyoandikwa na Carlo J. Caparas, mtu aliyewahi kuwa mlinzi wa lindo kabla ya kalamu kumtoa. Kule kwao vibonzo viliuzwa kila kona na kukodishwa vibandani, na sehemu kubwa ya filamu za kishujaa ilianzia humo. Mhunzi Flavio anaishi katika nchi inayoonewa na dhalimu Lizardo, mwenye jeshi la watu na la viumbe visivyo watu. Kimondo kinaanguka kutoka mbinguni. Flavio anakifua chuma chake na kupata kisu kifupi tu, kisu cha mtu wa kawaida. Lakini akikiinua juu dhidi ya uovu, kinarefuka kuwa upanga.

Mimi naipenda filamu hii kwa sababu moja. Kila nchi ina shujaa wa upanga, na mara nyingi huyo ni mwana wa mfalme aliyepotea au aliyelaaniwa. Huyu ni fundi. Silaha yake hakurithi, ameifua mwenyewe kwenye moto wake, kwa nyundo yake, na jasho unaliona. Kwa nchi ya watu wanaoishi kwa mikono yao, na ambao ndio kwanza walikuwa wameanza kwenda Ghuba kwa maelfu kujenga na kuchomelea, hiyo haikuwa hadithi ya mbali. Wewe uko karakana. Nadhani umeshanielewa.

Lizardo aliigizwa na Max Alvarado, adui wa kudumu wa sinema yao, na mwongozaji ni yule "Ronwaldo Reyes". Kwa mtazamo wa leo mitambo yake ni ya kuchekesha: mazimwi yanayoonekana kuwa ni watu ndani ya magunia, nyota inayoanguka kama fataki. Usiache kuiangalia kwa sababu hiyo. Zilifuata sehemu tatu zaidi, 1981, 1982 na 1984, na baadaye wengine wakaurithi upanga kwenye filamu na televisheni.

Kwa kuwa uko Maskati, kuna nyingine itakayokugusa: Muslim .357 ya mwaka 1986. Katika nchi ambayo Wakristo ni wengi mno na Waislamu wa kusini mara nyingi walionyeshwa kwenye sinema kama watu wa vurugu, FPJ alimwigiza mtu wa usalama Mwislamu na akamfanya ndiye bida. Filamu ina mapungufu yake, dini inaelezwa kwa juujuu, lakini Wafilipino Waislamu waliikumbuka, na ndiyo iliyompa tuzo yake ya tano.

Sasa swali lako la pili. Kwa nini hatukumjua?

Jibu liko kwenye njia za biashara kuliko kwenye ubora. Filamu za Kihindi zilifika pwani yetu kwa sababu majumba mengi ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam yalimilikiwa na watu wenye asili ya huko, walioziagiza wenyewe. Filamu za Hong Kong zilikuwa na makampuni kama Shaw Brothers na Golden Harvest, yaliyojua kuuza nje, kutia sauti za Kiingereza na kusambaza mabango. Filamu za FPJ zilitengenezwa kwa Kitagalogi, lugha ya kwao, kwa mtazamaji wa nyumbani, na nyumbani zilirudisha fedha zake. Hakuwa na haja ya kumtafuta mteja wa Mombasa.

Na si kwamba Ufilipino haikuuza nje. Iliuza sana, ila iliuza bidhaa nyingine: filamu za bei nafuu za Kiingereza zilizotengenezwa kwa ubia na Wamarekani, za vita, za mazimwi, za wafungwa wa kike msituni. FPJ alionja mkondo huo mara chache. The Walls of Hell ya 1964, kuhusu vita vya kuukomboa mji wa ngome wa Intramuros ndani ya Manila, alishirikiana na Mmarekani Jock Mahoney. Angeweza kuendelea na njia hiyo. Lakini katika filamu zile Mfilipino, hata akiwa nyota kwao, mara nyingi alisimama hatua moja nyuma ya Mmarekani. Nyumbani alikuwa mfalme. Mimi nisingehangaika kuchagua.

Inawezekana kabisa, basi, kwamba uliwahi kuona filamu iliyopigwa Ufilipino bila kujua, ukidhani ni Vietnam au Amerika ya Kusini. Misitu ile imeuzwa kwa majina mengi.

Sasa sehemu ambayo inawafanya wanyamaze. Rafiki yake mkubwa, Joseph Estrada, naye stelingi wa filamu za wanyonge, aliingia siasa na kuwa rais mwaka 1998, akang'olewa Januari 2001 kwa tuhuma za rushwa. Aliyechukua kiti ni makamu wake, Gloria Macapagal Arroyo. Uchaguzi wa 2004 ulipokaribia, upinzani ulimwendea FPJ, mtu aliyekuwa hajawahi kugombea hata udiwani. Akakubali.

Wapinzani walianza na uraia. Alizaliwa kabla ya wazazi wake kufunga ndoa, mama yake ni Mmarekani, kwa hiyo, wakadai, si raia wa kuzaliwa na hana sifa ya kugombea. Mtu aliyeigiza Mfilipino wa kawaida kwa nusu karne akapelekwa Mahakama ya Juu kuthibitisha kuwa ni Mfilipino. Machi 2004 mahakama iliamua abaki kwenye karatasi ya kura. Wakamcheka pia kwamba hakumaliza shule, na kwamba jukwaani hana maneno. Hilo la pili lilikuwa kweli. Ule ukimya uliojaza majumba ya sinema haukumsaidia kwenye mdahalo wa bei ya mchele, na hapo nadhani wapambe wake walimkosea: walimtembeza kama bango.

Alitangazwa ameshindwa kwa kura kidogo zaidi ya milioni 1.1. Akapinga matokeo. Kesi ikiwa bado haijaamuliwa, Desemba 2004 akapata kiharusi, na tarehe 14 mwezi huo akafariki hospitalini Quezon City, akiwa na miaka 65. Mitaa ilijaa watu siku ya kumzika katika Makaburi ya Kaskazini ya Manila. Miezi sita baadaye, Juni 2005, zikavuja kanda za mazungumzo ya simu kati ya sauti inayofanana na ya rais na kamishna wa uchaguzi, kuhusu kura. Arroyo alitokea kwenye televisheni akakiri kuongea na afisa wa uchaguzi na kuomba radhi, akakana wizi. Mjane wa FPJ, Susan Roces, mwigizaji mkubwa kwa haki yake mwenyewe, alimjibu hadharani kwa hasira ambayo mumewe hakuwahi kuionyesha nje ya pazia: kwamba amewaibia wananchi urais, na si mara moja, ni mara mbili.

Mwaka 2006 Arroyo alimtangaza marehemu kuwa Msanii wa Taifa, heshima ya juu kabisa ya sanaa kwao. Familia ilikataa kuipokea kutoka mkononi mwake. Wakangoja hadi 2012, chini ya Rais Benigno Aquino III. Binti yao wa kulea, Grace Poe, aliyeokotwa akiwa mchanga kanisani mjini Iloilo mwaka 1968, aliingia Seneti mwaka 2013, akagombea urais 2016, na akaburuzwa mahakamani kwa swali lilelile la baba yake: wewe ni raia wa kuzaliwa kweli?

Nisikufiche kasoro zake. Filamu zaidi ya 200 haziwezi kuwa zote nzuri, na za FPJ nyingi zinafanana kama maandazi ya kikaango kimoja. Miaka ya 1990 alikuwa mzee anayepewa wapenzi wa umri wa binti zake, na kamera ikijitahidi kuficha kwamba miguu imechoka. Na ile dawa yake ya mtu mmoja mwema mwenye bastola kumaliza ufisadi wa hakimu, mimi hunitia wasiwasi kila nikiitazama, hasa nikikumbuka nchi zilizoijaribu mitaani.

Wenzako vijana huenda wanamjua zaidi kwa njia ya mwigizaji Coco Martin. Tamthilia ya Ang Probinsyano, iliyotoka kwenye filamu ya FPJ ya mwaka 1997, ilirushwa tangu Septemba 2015 hadi Agosti 2022, karibu miaka saba mfululizo. Ilipoisha, Martin akachukua filamu nyingine ya mzee, Batang Quiapo ya 1986, akaanza upya mwaka 2023. Waulize tu, watakusimulia.

Wewe anza na Asedillo, ukiwa umepumzika, na mwenzako mmoja awe pembeni akutafsirie. Halafu Kapag Puno Na ang Salop. Panday iache kwa usiku wa mapumziko mkiwa wengi, mcheke mazimwi pamoja. Na utakapofika kwenye ile sehemu anayopigwa na kunyamaza, usiangalie simu. Waangalie wao.